Marimba ya watu wawili, na mkimbizi aliyerekodi muziki wa Uganda

Wiki hii ni zamu yangu, na nimechagua historia ya muziki. Mnivumilie kidogo mpaka mwisho, inatuhusu.

Kwetu Fizi, mama na shangazi walikuwa wanatwanga sombe kwenye kinu kimoja. Mama anapiga, anainua mchi, na hapohapo shangazi anapiga. Haigongani hata siku moja. Ukiwa nje ya nyumba huwezi kujua mchi upi ni wa nani. Unasikia mdundo mmoja tu, tena wa haraka kupita mkono wa mtu mmoja. Shikeni picha hiyo.

Muziki wa ikulu ya Kabaka wa Buganda ulipigwa namna hiyo. Kuna marimba inaitwa amadinda. Ina vibao 12 vya mti, vinalazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, migomba kama hii inayojaa hapa Isingiro. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, marimba iko katikati yao. Wa kwanza, omunazi, anaanza na mapigo yanayolingana. Wa pili, omwawuzi, anaingiza ya kwake katikati ya yale. Kuna na wa tatu, omukoonezi, huyo anashika vibao viwili tu vya mwisho, vya sauti ya juu.

Sasa mwendo. Ukiunganisha mapigo ya wale wawili, yanaweza kupita 500 kwa dakika moja. Yaani zaidi ya mapigo nane kwa sekunde, kila mtu akipiga nusu yake. Hapo sikio linashindwa kufuata mkono wa mtu. Linakusanya sauti za juu peke yake na za chini peke yake, na unaanza kusikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati yao anaupiga. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyefundishwa amadinda na mzee Evaristo Muyinda, aliandika sana juu ya jambo hilo.

Wapiga kinanda wa kanisani watauliza: ni ki gani hiyo? Ulaya nako kuna muziki wa wapigaji wawili. Mwaka 1781 kule Vienna, Mozart aliandika sonata ya piano mbili, akaipiga na mwanafunzi wake Josepha Auernhammer. Iko kwenye D meja, inakimbia, inachangamka. Mwaka 1828 Schubert aliandika fantasia ya watu wawili kwenye piano moja. Iko kwenye F maina, na ukiisikia unaona huzuni mara moja. Ndiyo kawaida tumefundishwa: meja ni furaha, maina ni huzuni.

Amadinda haiko hivyo. Ina sauti tano, halafu zinarudia juu, na nafasi kati ya sauti moja na nyingine karibu zinalingana zote. Hakuna meja, hakuna maina. Basi huwezi kujua hisia ya wimbo kwa ki, na kwa kasi pia utadanganyika. Kuna wimbo unaitwa "Olutalo olw'e Nsinsi", maana yake vita vya Nsinsi. Unakimbia, kichwa kinatikisika chenyewe, unafikiri ni arusi. Kumbe jina lake ni la vita. Lazima ujue habari iliyo ndani yake.

Aliyepima sauti hizo kwa mashine na kuandika juu yake mwaka 1950 ni Klaus Wachsmann. Huyu alizaliwa Berlin mwaka 1907. Familia yake ilikuwa na asili ya Kiyahudi, kwa hiyo Wanazi walipochukua utawala hakuwa na nafasi tena kwao. Alikimbia, akamalizia masomo Uswisi, akapita Uingereza, na mwaka 1937 akafika Uganda. Kuanzia 1948 alisimamia Makumbusho ya Uganda kule Kampala, na mzee Muyinda alifanya kazi hapohapo. Kati ya 1949 na 1954 Wachsmann alirekodi nyimbo zaidi ya elfu moja. Miaka hiyohiyo, 1950 na 1952, Hugh Tracey naye alirekodi muziki wa ikulu za Buganda, Bunyoro, na hata Ankole, yaani hapa tulipo.

Hawakujua muda ulikuwa mfupi. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote lilivamia ikulu ya Kabaka, Lubiri. Kabaka Mutesa wa Pili akakimbia, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Buganda ilirudishiwa ufalme wake 1993, Ankole mpaka leo bado. Lakini sauti zilibaki, na nakala za nyimbo za Wachsmann zilirudi Makerere, kuna hazina ya muziki yenye jina lake.

Kwa nini nawaambia haya? Huku kwetu kuna mzee mmoja alikuwa anapiga likembe. Nilimuuliza kwa nini nyimbo zake zina nafasi tupu nyingi. Akacheka, akasema hapo ndipo ndugu yake alikuwa anaingia, na ndugu yake alibaki Kongo. Nikamwahidi nitakuja Jumamosi na simu nimrekodi. Jumamosi hiyo nilikuwa na kazi ya kugawa sabuni, nikasogeza. Nikasogeza tena. Tulimzika mwezi wa nne.

Wachsmann alikuwa mgeni, lugha hakuzaliwa nayo, lakini alikwenda na mashine yake nzito. Mimi nilikuwa na simu mfukoni, na mzee ni jirani.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Kila mmoja wetu, Base Camp, Juru, Rubondo, amtafute mzee mmoja mwezi huu. Muombe ruhusa kwanza. Rekodi wimbo, halafu muulize jina lake, lugha yake, unapigwa wakati gani na nani anajibu upande wa pili. Na kama huyo wa pili yupo hapa kambini, mpeleke wakae pamoja. Mimi naanza Jumamosi hii kwa bibi mmoja Mbembe karibu na kisima. Safari hii sisogezi.