Insha za ujauzito na ulezi: Haki za mwandishi anayeuza kazi yake

CHEPKOILEL, kiasi cha kilomita 9 kutoka mjini Eldoret, yajulikana zaidi kwa chuo chake, kilichokuwa bewa la Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013. Katika chuo kama hicho hawakosi wanafunzi waja wazito au wenye watoto wachanga, na miongoni mwao wamo wenye kipawa cha kuandika. Je, tajriba hiyo yaweza kuuzwa bila mwandishi kupunjwa?

Mama kuandika kuhusu umama si jambo geni kwetu. Mnamo 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi huku akiugua. Nalo jarida la Parents, lililoanzishwa na Eunice Mathu mwaka 1986, lilidhihirisha kuwa Wakenya wako radhi kununua masimulizi ya ndoa na malezi, japo kwa Kiingereza.

Mhariri hahitaji kusimuliwa miezi tisa yote. Usiku mmoja wa uchungu wa uzazi, au mtihani uliofanywa matiti yakivuja maziwa, watosha. Tarehe nazo zisipuuzwe: ada za kujifungua katika hospitali za umma ziliondolewa Juni 2013, hivyo anayesimulia kisa cha kabla ya hapo hana budi kumfafanulia msomaji ni kwa nini mzazi alihangaikia bili.

Penye hatari kubwa ni mkataba. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi huwa mali ya aliyeiandika punde inapotiwa kwenye maandishi. Hata hivyo, iwapo gazeti ndilo lililoiagiza, hakimiliki huhesabika kuwa imehamia kwa mwagizaji, ila pawe na mapatano tofauti. Wengi hawalijui hili. Kwa hivyo, anayeombwa kuandika aagane kwanza, kwa maandishi, kwamba anatoa idhini ya kuchapisha mara moja tu. La sivyo, huenda kisa cha uzazi wake kikachapishwa kitabuni asipate hata senti. Aliyejiandikia mwenyewe kisha akapeleka ana nguvu zaidi, kwani kuhamisha hakimiliki yake kunahitaji hati ya maandishi. Asitie sahihi asichokisoma, hata kama malipo yameahidiwa kesho yake (na malipo ya magazeti, kama wajuavyo waandishi wa kujitegemea, hayana haraka).

Kuna pia wasioulizwa. Mtoto atakua, atasoma, na wanafunzi wenzake watasoma pia. Kubadilisha jina lake na kuacha maradhi yake nje ya insha hakupunguzi thamani ya kisa. Baba mtoto aonyeshwe nakala mapema. Muuguzi anayedaiwa kumtusi mzazi naye asitajwe kwa jina pasipo ushahidi, maana kesi ya kashfa humwandama mwandishi pamoja na mchapishaji.