Gofu Lisilo na Ukuta

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kudhani kwamba gofu lazima liwe la mawe. Kilwa Kisiwani hakuna anayebisha, kuta zipo. Lakini mtu akitoka Igurwa akafika Bweranyange, katika wilaya hiyohiyo ya Karagwe, ataona migomba na malisho, halafu aulize: ikulu yenyewe iko wapi?

Ilikuwapo, jamani. Bweranyange ndipo Mukama Rumanyika alipompokea Speke mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876. Nyumba za kifalme zilijengwa kwa miti na nyasi, na nyasi huoza. Je, kilichooza ndicho ambacho hakikuwapo?

Hebu tumsome tena Speke, safari hii kwa jicho la kihakiki. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 anapima kwa utepe unene wa mwanamke wa ukoo wa mfalme, kana kwamba anapima mnyama. Lakini msomaji makini asiishie hapo. Speke huyohuyo anakiri kwamba Rumanyika alizungumza naye kwa Kiswahili kizuri. Kiswahili, bara kabisa, zaidi ya miaka ishirini kabla ya Mjerumani! Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kupiga kambi Kafuro, jirani na ikulu.

Basi sentensi hiyo moja ni gofu tosha. Ukuta huonyesha kwamba watu waliishi. Neno huonyesha walizungumza na nani. Anayesema bara haina historia kwa kuwa haina mawe, huyo hajasoma.