Mtihani wa Mbwa, Kutoka Mechelen hadi Kipushi

Kipushi ni mji wa mgodi. Uko kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia. Tangu miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilipoanza kuchimba shaba na zinki katika mgodi ulioitwa Prince Léopold, riziki ya watu wake imepanda na kushuka pamoja na mgodi huo. Ulipofungwa mwaka 1993 mji ulinyong'onyea. Zinki ilipoanza kutoka tena mwaka 2024, ukachangamka. Penye mgodi pana malango na maghala, penye malango pana walinzi, na penye walinzi hapakosi mbwa. Duniani kote wenye kazi ya ulinzi humpenda sana malinois: mwepesi, mkali, mwenye masikio yaliyosimama na hamu ya kazi isiyoisha.

Uani kuna mbwa mwingine. Huyu ni wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, ukoo wake haujaandikwa popote. Usiku huwabwekea wapita njia, mchana huandamana na watoto. Hakuna anayempa cheti. Akiuma, huitwa mbwa mbaya. Asipouma, hatajwi kabisa. Mbwa wa lango na mbwa wa ua huhukumiwa kwa mizani iliyoundwa mbali na hapa, na ukiifuatilia historia ya mizani hiyo utaona kwa nini mmoja hufaulu kwa urahisi na mwenzake hushindwa hata kabla ya kuanza.

Mizani ya kwanza ilikuwa ya macho. Mwaka 1891 Profesa Adolphe Reul, wa chuo cha madaktari wa mifugo cha Cureghem mjini Brussels, aliwakusanya mbwa wachungaji 117 akawakagua mmoja mmoja: masikio, manyoya, kichwa, kimo. Alitaka kujua kama Ubelgiji ina mbwa mchungaji wake yenyewe. Ukaguzi huo ndio uliozitenga aina za mchungaji wa Kibelgiji, malinois akiwa mojawapo. Mwaka 1899 polisi wa mji wa Ghent wakaanza kupiga doria za usiku na mbwa waliofunzwa, jambo lililoigwa upesi Ulaya nzima. Mwaka huohuo, huku Katanga, mtafuta madini George Grey alifika Kipushi na kukuta mashimo ya wachimbaji wa Kiafrika waliotoa shaba hapo zamani.

Kisha likaja swali zito zaidi. Kondoo walikuwa wakipungua Ubelgiji, na Louis Huyghebaert wa Mechelen akajiuliza: mbwa mchungaji asiye na kondoo wa kuchunga apimwe kwa kitu gani? Jibu lilikuwa kumpima kwa matendo. Julai 1903 shindano la mbwa waliofunzwa likafanyika Mechelen, mji uliompa malinois jina lake. Ulikuwa mtihani wa haki kwa mbwa yule. Kwa vizazi vingi alikuwa amechaguliwa kwa sababu anamsikiliza mchungaji na kufanya kazi naye bega kwa bega. Mtihani ukamwomba hichohicho, bila kondoo.

Tabia njema ya mbwa wa nyumbani ilianza kupimwa kwa njia nyingine. Huko Marekani, Helene Whitehouse Walker alifuga poodle na alichoka kusikia watu wakisema mbwa hao ni mapambo tu. Oktoba 1933 akaandaa shindano la utii huko Mount Kisco, jimbo la New York, na mbwa 8 wakajitokeza. Mwaka 1936 American Kennel Club ikaweka kanuni rasmi za mashindano ya namna hiyo. Miaka zaidi ya 50 baadaye, mwaka 1989, chama hichohicho kilianzisha Canine Good Citizen, mtihani ulioigwa kisha katika nchi nyingi.

Mtihani huo una hatua 10. Mtu mgeni anamjia mwenye mbwa, wanaamkiana na kushikana mikono. Mbwa atulie, asioneshe hofu wala ukali. Mgeni anampapasa, kisha mtahini anamsugua kwa brashi na kumshika masikio na miguu ya mbele. Mbwa anatembea bila kuivuta kamba, anapita kati ya watu, anakaa, analala, anakuja akiitwa. Anakutana na mbwa mwingine, anasikia kishindo cha ghafla, na mwisho anaachwa na mtu asiyemjua kwa dakika 3 huku mwenyewe hayupo machoni. Akinguruma, akijaribu kuuma au akijisaidia katikati ya mtihani, ameanguka.

Kuna mengi ya kusifu hapo. Masharti yameandikwa wazi kabla, kila mbwa anaulizwa mambo yaleyale, na hashindanishwi na mwingine: anapita au hapiti. La maana zaidi, mbwa chotara aliruhusiwa tangu mwanzo. Katika mashindano mengine ya chama hicho, chotara alifungiwa mlango kwa miaka 20 hivi zaidi.

Sasa ulete mtihani huo katika ua wa Kipushi. Hatua ya kwanza inamtaka mbwa amkubali mgeni, lakini kumshuku mgeni ndiyo kazi aliyowekewa nyumbani. Hatua nyingine inamtaka atembee na kamba, naye pengine hajawahi kufungwa kamba. Akishindwa hapo, mtahini atakuwa amejifunza jinsi mbwa huyu alivyolelewa. Kama ni hatari kwa watu anaoishi nao, hilo bado halijaulizwa.

Kongo imeshaonja dhuluma ya namna hii kupitia mbwa wake maarufu kuliko wote, basenji. Huyu hakutoka Katanga. Kwao ni misitu ya kaskazini, ambako wawindaji humtumia kuwafukuza wanyama hadi nyavuni. Habweki kama mbwa wengine, kwa hiyo wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue alipo. Mwaka 1937 Olivia Burn aliwaonesha basenji kwenye maonyesho ya Crufts mjini London, na watu wakasongamana kuwatazama. Miaka miwili baadaye chama cha wafugaji wake kikaundwa Uingereza. Hadi leo daftari la FCI, shirikisho la vyama vya mbwa lililoanzishwa mwaka 1911 na lenye makao Thuin, Ubelgiji, linamtaja basenji kuwa mbwa wa Afrika ya Kati aliye chini ya ulezi wa Uingereza.

Ulezi huo ulikuwa na gharama. Mbwa wachache waliotolewa Afrika ndio waliozaa karibu kizazi chote cha Ulaya na Marekani, na magonjwa ya kurithi yakaenea, ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukiwa miongoni mwao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki mwa Zaire kutafuta damu mpya. Baadhi ya mbwa waliorudi nao walikuwa na milia, rangi ambayo kipimo cha Marekani hakikuikubali. Mbwa aliyezaliwa katika nchi ya asili ya basenji alionekana si basenji halisi, hadi mwaka 1990 daftari la ukoo lilipofunguliwa ili aingie.

Hukumu ya akili nayo ikafuata. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alichapisha kitabu kilichopanga aina za mbwa kwa akili ya kutii, akitegemea maoni ya waamuzi wa mashindano ya utii huko Marekani na Kanada. Kati ya ngazi 79, basenji aliwekwa ya 78. Coren mwenyewe alieleza kwamba anapima utii na kazi. Wasomaji wengi walishika neno moja tu, kwamba mbwa wa Kongo ni mjinga. Lakini mbwa anayewinda mbele ya bwana wake, ndani ya msitu ambamo hawaonani, amechaguliwa kwa kuamua mwenyewe. Kumpima kwa wepesi wa kukaa chini akiamriwa ni kumwonea.

Hata mtihani unaouliza jambo sahihi huweza kuharibiwa na anayeuendesha. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Davis, California, waliwajaribu mbwa wa kunusa na waongozaji wao, timu 18, katika vyumba visivyo na dawa wala baruti. Waongozaji waliamini kwamba harufu imefichwa humo, na kwa sababu hiyo taarifa za uongo zikamiminika. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley walichambua mitihani ya tabia inayotumika katika makazi ya mbwa waliotelekezwa, wakahitimisha kwamba haina uhakika wa kutosha wa kuamua mbwa yupi aishi na yupi auawe.

Dawa ya upendeleo inajulikana, na Afrika Mashariki inaitumia. Huko Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya wakubwa kunusa mabomu ya ardhini. Panya anapofanya mtihani wa mwisho, mwongozaji wake haambiwi mabomu yamefukiwa wapi. Hawezi kumsaidia kwa kamba, kwa sauti, wala kwa kusita. Anayefaulu amefaulu kwa pua yake.

Kipushi inaweza kuwa na mtihani wake wenyewe. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, jirani yake, kina kitivo cha tiba ya mifugo, na hapo ndipo kipimo cha mbwa wa ua wa Katanga kingefaa kuandikwa. Swali la kwanza liende kwa mwenye mbwa: yuko wapi ushahidi wa chanjo? Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Baada ya hapo mbwa apimwe nyumbani kwake: je, huacha kubweka mwenye nyumba akimkaribisha mgeni? Huvumilia mtoto akipita karibu na chakula chake? Hujizuia mbuzi wa jirani akikatiza? Wawepo watahini wawili, kila mmoja aandike alichokiona bila kushauriana na mwenzake. Na mbwa aliyeshindwa arudiwe siku nyingine kabla mtu hajamwita mbaya, kwa sababu jina hilo likishamganda mbwa, huweza kuishia kupigwa mawe.