Nani Analipa Nauli ya Mzee?

Katika miaka yangu ya ukuu wa shule nilifanya makosa mengi, na mengi nimeyasahau. Moja halijaniacha mpaka leo. Lilihusu lori la shule, mzee mmoja asiyeona, na swali la mzazi ambalo sikuweza kulijibu. Jibu lake nilikuja kulipata zaidi ya miaka ishirini baadaye, katika jiji la Birmingham, Uingereza.

Nianze na lori. Mwaka 1993 shule yetu ilikuwa na lori moja kuukuu, ambalo kila siku ya gulio lilikwenda mjini kuchukua mahindi na maharage ya wanafunzi. Njiani, chini ya mwembe, alikuwa akikaa mzee asiyeona pamoja na mjukuu wake. Mzee huyo alisokota kamba za kuwambia vitanda na kuziuza gulioni. Nilimwagiza dereva ampakie bila malipo. Baadaye wakaongezeka bibi wawili na kijana aliyepooza mguu. Nilijiona mtu mwema sana.

Katika mkutano wa wazazi, mzazi mmoja alisimama akasema kwa utulivu, "Mkuu wa Shule, dizeli hiyo imenunuliwa kwa ada ya watoto wetu. Nani alikupa ruhusa ya kutoa sadaka kwa mfuko wa wenzako?" Nilikasirika, nikakosa neno. Bodi ya shule ikaamua lori lisibebe mtu yeyote asiye wa shule, nami nikatii siku ile ile. Jambo nisilolifanya ni kumpelekea mzee habari. Gulio lililofuata, dereva alinieleza, mzee alilitambua lori kwa mlio wake, akainuka na mzigo wake wa kamba. Lori likapita.

Miaka ikaenda. Nikahamishiwa chuo cha ualimu, nikafundisha huko hadi kustaafu. Mwaka 2014 binti yangu, muuguzi huko Birmingham, aliniita nikamtembelee. Asubuhi moja nilifuatana na jirani yake, bibi wa makamo yangu, kwenda katikati ya jiji. Kituoni tuliwakuta wazee kadhaa wakitazama saa. Walingoja ifike saa tatu na nusu asubuhi, kwa maana kabla ya hapo kadi zao za kusafiri bure hazikubaliwi. Basi lilipofika, kila mmoja aligusisha kadi kwenye mashine kando ya dereva, akapita. Dereva hakuwaonea huruma wala wao hawakunyenyekea. Mimi, mgeni, nililipa nauli yangu.

Unyoofu ule wa shingo ndio ulionishangaza. Nikaenda maktaba kuu ya jiji, jengo lililofunguliwa mwaka 2013, kutafuta ulikoanzia. Kumbe nilikuwa nimesimama mahali penyewe!

Mwaka 1953 Baraza la Jiji la Birmingham, ambalo wakati huo liliendesha mabasi yake lenyewe, liliamua kwamba wanaume waliotimiza miaka 70 na wanawake waliotimiza miaka 65 wasafiri bure katika saa zisizo na msongamano. Gharama ingetoka kwenye mfuko wa kodi ya wakazi. Mlipa kodi mmoja, Prescott, akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa ile ile ya mzazi wangu: Baraza limepata wapi ruhusa ya kutoa sadaka kwa fedha za wengine? Akashinda. Baraza likakata rufani, na mwaka 1954 likashindwa tena. Jaji Jenkins na wenzake katika Mahakama ya Rufani walisema kwamba Baraza ni kama mdhamini wa mali ya walipa kodi, na sheria iliyolipa uwezo wa kupanga nauli haikulipa uwezo wa kugawa safari kama zawadi kwa kundi linalolihurumia.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Nilidhani nimeyaona mazishi ya lori langu kwa mara ya pili.

Lakini habari haikuishia hapo. Bunge lilitunga sheria mwaka 1955 kuhalalisha nafuu zilizokuwapo tayari, na nyingine mwaka 1964 kuwaruhusu mabaraza mengine yenye mabasi kufanya vivyo hivyo. Mwaka 1973 London ikaanzisha kadi yake ya wazee. Sheria ya usafiri ya mwaka 2000 ikafanya nusu nauli kuwa haki kwa wazee na kwa watu wenye ulemavu, ikiwataja bayana: wasioona, viziwi, wasiosema, wenye shida ya kutembea, wasio na mikono, na wengineo. Wales ikatoa safari za bure mwaka 2002. England ikafuata mwaka 2006, kila mtu katika eneo lake, na kuanzia Aprili 2008 kadi moja ikafaa katika basi lolote la kawaida nchi nzima. Mwenye basi naye hurudishiwa gharama kutoka mfuko wa umma. Nani analipa? Jibu limeandikwa.

Sisemi kwamba wenzetu wamemaliza kazi. Tangu mwaka 2010 umri wa kupata kadi ya uzee huko England ulianza kupanda pamoja na umri wa pensheni, ukafika miaka 66 mwaka 2020. Lakini hata kupandisha huko kumefanywa kwa sheria, na mtu aliweza kujua mapema.

Ndipo nikamwelewa yule mzazi niliyemchukia miaka mingi. Swali lake lilikuwa la haki. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Nami nilipokwenda zangu, hakubaki wa kulijaza lile tangi. Ningeweza kurudi kwenye bodi na kuomba mstari mmoja katika bajeti: lita kadhaa za dizeli kwa ajili ya wazee na walemavu wa njiani. Pengine wangekubali, na mzazi yule angekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sikuomba, kwa sababu kilichoniuma siku ile kilikuwa heshima yangu. Safari ya mzee niliifikiria baadaye.

Sasa mimi mwenyewe nimevuka miaka sabini, na goti la kushoto halinitii. Nikipanda daladala, siku nyingine konda huniambia, "Shikamoo mzee, kaa tu, usilipe." Siku nyingine konda mwingine hugonga sarafu dirishani hadi nitoe. Simlaumu wa pili. Jioni wote wawili watapeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari, na nauli yangu isipokuwamo, itatoka mfukoni mwa kijana anayelea watoto. Kwa hiyo yule wa kwanza humwambia, "Marahaba, mwanangu, Mungu akuzidishie," kisha nampa nauli yake mkononi.