Uchunguzi wa vifo Kagera: kutoka tauni ya Kiziba hadi Marburg ya Biharamulo

Uchunguzi wa kisheria wa maiti hutafuta majibu ya maswali manne: marehemu ni nani, alikufa lini, nini kilimwua, na kama kifo chake kilitokana na maradhi, ajali, kujiua au kuuawa. Mkoani Kagera, kuanzia Kiziba kaskazini hadi Ngara na kata za Biharamulo kama Nyamahanga, maswali hayo yamekuwa yakiulizwa kwa zaidi ya karne moja. Historia yake inaonyesha kwamba faida ya kazi hii huwaendea walio hai.

Uingereza iliweka maofisa wa kuchunguza vifo vya mashaka mwaka 1194, lakini hao hawakuwa matabibu. Mwaka 1877 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliikabidhi kazi hiyo kwa madaktari, na mwaka 1939 Maryland ikaanzisha ofisi moja ya madaktari wachunguzi kwa jimbo zima. Tanzania haikufuata njia hiyo. Hapa polisi ndio wanaoomba uchunguzi, na daktari wa hospitali ndiye anayeufanya.

Kagera iliingia mapema katika historia ya sayansi hii. Mwaka 1897, wakati wa utawala wa Wajerumani, ugonjwa wenye kuvimbisha mitoki uliwaua watu wengi Kiziba, eneo ambalo leo liko wilaya ya Missenyi. Daktari wa jeshi, Zupitza, alitumwa huko, na Robert Koch, aliyekuwa Afrika Mashariki wakati huo, akathibitisha kuwa ni tauni. Ilibainika pia kwamba panya walikuwa wakifa kabla ya watu. Kujua hilo kuliwapa waliobaki onyo la kuhama nyumba zao mapema.

Utaratibu wa kisheria unaotumika Tanzania Bara unatokana na Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980. Kifo cha ghafla, cha kikatili au kisichoeleweka hutolewa taarifa, na polisi humpa daktari hati ya kuomba uchunguzi. Kwanza ndugu huutambua mwili mbele ya daktari na askari. Kisha daktari hutazama nguo, hukagua ngozi kuanzia kichwani hadi miguuni, na kupima urefu na kina cha kila jeraha, ndipo afungue fuvu, kifua na tumbo. Ikishukiwa sumu, vipande vya ini na figo pamoja na yaliyomo tumboni hufungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mahakamani, ripoti ya daktari haijitoshelezi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka hakimu au jaji amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa. Asipoelezwa, ripoti inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu za kesi, hata kama uchunguzi wenyewe ulifanywa vizuri.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, wengi wakipiga kambi Benaco. Chini ya daraja hilo, Mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari. Maelfu walifika Ziwa Victoria na kuopolewa upande wa Uganda, wakazikwa kwa pamoja Kasensero, Lambu na Ggolo. Mwili uliokaa siku nyingi majini huvimba na ngozi yake huvuka, hata sura na alama za vidole hupotea. Kwa wingi ule na haraka ile, wengi walizikwa bila majina.

Mwezi Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kimataifa ya kuwahukumu wahusika wa mauaji hayo, iliyowekwa Arusha, na mahakama ilihitaji ushahidi. Mapema mwaka 1996 timu ya madaktari na wataalamu wa mifupa ilifukua kaburi la pamoja kando ya kanisa Katoliki la Kibuye, magharibi mwa Rwanda. Iliongozwa na William Haglund, aliyewahi kuwa mpelelezi mkuu katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Seattle, Marekani. Mmoja wa wataalamu wake, Clea Koff, ni mtoto wa mama Mtanzania. Mabaki ya watu zaidi ya 450 yalitolewa. Umri ulisomwa kwenye meno na ncha za mifupa, jinsia kwenye nyonga. Wengi walikuwa wanawake na watoto, waliouawa hasa kwa vitu butu na mapanga. Nguo zilianikwa ili manusura wazitambue. Haglund alitoa ushahidi Arusha, na tarehe 21 Mei 1999 Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye na mwenyewe daktari, alihukumiwa kifungo cha maisha.

Miaka mitatu kabla ya hukumu hiyo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba, na mamia ya abiria wakafa. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza. Njia nyingine ya kuwatambua marehemu, yaani vinasaba, ilipata sheria yake baadaye: sheria ya kusimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu ilipitishwa mwaka 2009, na maabara ya Mkemia Mkuu ndiyo msimamizi wake.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, baada ya sampuli kupimwa katika maabara inayohamishika ya Kabaile, Kagera, na kuthibitishwa Dar es Salaam. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, wagonjwa walikuwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki. Wale wanane walikufa kabla ya ugonjwa kuthibitishwa.

Marburg huambukiza hata kupitia maiti. Kwa hiyo mwili wa mtu anayeshukiwa haupasuliwi ovyo: wataalamu waliovaa mavazi kamili ya kinga huchukua ute wa mdomoni kwa pamba, kisha mazishi hufanywa kwa usalama. Kipimo hicho kidogo hutosha kubaini mlipuko, mradi kifo kimetolewa taarifa kabla ya maziko.

Madaktari bingwa wa patholojia bado wako hasa katika hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando, huku vifo vingi vya vijijini vikitokea nyumbani. Kuwafunza madaktari wa wilaya kazi hii, na kuwazoesha wananchi kutoa taarifa za vifo visivyoeleweka, ni kinga kwa kila kijiji cha Ngara na Biharamulo.