Magendo

Katika Kiswahili sanifu, magendo ni biashara ya siri inayovunja sheria, hasa kuvusha bidhaa mpakani bila kulipa ushuru. Uganda ililizoea sana neno hili miaka ya 1970, bidhaa zilipoadimika baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Huko Arua na Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, hata hivyo, neno hili linatoa hukumu bila kutazama ramani. Eneo hilo lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909, likapita mikononi mwa Sudan, kisha likaingizwa Uganda mwaka 1914. Wakakwa, wenyeji wa huko, wakajikuta wamegawanywa katika nchi hizo tatu, na safari ya sokoni kwa shemeji ikageuka kosa ilhali njia ni ile ile.

Atasema mtu kwamba ushuru ndio unaojenga barabara, na petroli iliyochakachuliwa huua injini. Ni kweli. Vijana wa Arua waliojulikana kama Opec, waliouza petroli ya mpakani kwa madumu na chupa kando ya barabara, walikwepa ushuru. Lakini mwenye shehena inayovushwa usiku na mama anayekwenda soko la Ariwara, upande wa Kongo, mchana kweupe, beseni la mihogo kichwani, hawastahili jina moja. Kiini cha magendo ni siri. Pasipo siri, neno halifai. Isitoshe, Sudan Kusini imo pamoja na Uganda katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na Kongo tangu 2022. Waandishi wenzangu, mama huyo tumwite mchuuzi.