Mtego wa fremu mbili: mwindaji wa Kanada aliyechoka kuona wanyama wakiteseka

Kitanzi cha waya wengi wetu tunakijua. Tunajua pia ubaya wake. Mnyama akishikwa mguu anaweza kukaa pale siku mbili akilia, na pengine mwenye mtego amekwisha kukimbia vita, hakuna wa kuja kumtoa. Leo nawaletea historia ya mtu wa mbali aliyesumbuliwa na jambo hilo hilo.

Kwanza biashara yenyewe. Kule Kanada kuna mnyama wa majini aitwaye kastori (wengine husema biva), mkata miti kwa meno na mziba mito. Manyoya yake yalitengenezwa kofia za matajiri wa Ulaya. Mwaka wa 1670 mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa hati, akaipa kampuni ya Hudson's Bay nchi yote ambayo mito yake inamwagika katika ghuba la Hudson. Eneo hilo linaishinda Kongo yetu kwa ukubwa, na mfalme hakulikanyaga hata siku moja. Wenyeji hawakuulizwa. Sisi tuliosoma habari za Léopold wa Pili na mpira hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Wenyeji walimwinda kastori kwa nyavu, mikuki na mitego ya magogo. Katika karne ya 19 ukaenea mtego wa chuma wenye taya mbili. Huo unashika mguu tu, hauui. Ndiyo maana wategaji waliufunga kwenye waya unaoshuka kilindini: mnyama anakimbilia chini, anazuiwa kurudi juu, anakufa maji. Lakini kastori anaweza kukaa dakika 15 hivi bila kupumua. Hesabu mwenyewe. Wengine walijikata mguu, wakaondoka na kigutu.

Frank Conibear, Mwingereza wa kuzaliwa, alitega miaka mingi upande wa Great Slave Lake, kaskazini mwa Kanada. Aliwaua kastori wengi, na bado mwaka wa 1949 kilitoka kitabu chake, The Wise One, ambacho mhusika mkuu ni kastori! Kwa miaka mingi alijaribu mtego wa kujitengenezea. Ni fremu mbili za chuma za pembe nne, zimeungwa ubavuni zizunguke kama mkasi, na resori pembeni. Katikati unaning'inia waya mwembamba. Mnyama anapita akiogelea, anausukuma waya, fremu zinamfunga shingo au mgongo kwa nguvu, na mara nyingi anakufa upesi. Ule wa kastori una upana wa sentimita 25 hivi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda kimoja cha Marekani kikaanza kuutengeneza. Ule wa taya nao, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuukataza mwaka wa 1991.

Mtego wa Conibear una kasoro kubwa: haubagui. Mbwa akiingiza kichwa, ni hivyo hivyo. Na ule uliotegewa kastori humuua pia fisi maji anayepita njia ile ile ya maji, jamaa ya fisi maji wetu wa Ziwa Kivu.